Oti za Babu na Ndizi Isiyokuwamo

Siku za shule, Chiriku aliamshwa na mlio wa ufunguo mlangoni. Mama yake alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, na lango la kiwanda lilifungwa saa kumi na mbili kamili asubuhi. Aliyefika saa kumi na mbili na dakika moja alikatwa mshahara wa nusu siku, na hakuna aliyewahi kueleza dakika moja inakuwaje nusu siku. Kwa hiyo mama hakungoja kuche. Alisema maneno yale yale kila asubuhi kupitia upenyo wa mlango, kwamba Babu ale kwanza ndipo ameze kidonge, kisha akaenda zake.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Babu, kwa sababu alianza kusema mapema kuliko watoto wengine na tangu hapo hakuwahi kupumzika. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa moja tu, kumpikia Babu oti. Alipima kikombe kimoja cha oti na vikombe viwili na nusu vya maji, akatia chembe ya chumvi, akabandika sufuria jikoni. Maji yakianza kuchemka alipunguza moto, akasimama na mwiko. Oti ni nafaka yenye visirani. Ukiipa mgongo inafura na kumwagika, ukiizidishia moto inaganda chini na kunuka moshi. Ilimbidi asimame pale robo saa nzima akikoroga.

Babu alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa mwaka wa sita. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwondolea mkate mweupe na chai ya sukari, akamwandikia oti tupu zilizopikwa kwa maji. Alieleza kwamba oti nzima humeng'enywa polepole, hivyo sukari haipandi kwenye damu kwa kishindo. Babu hakuzipenda wala hakuzichukia. Alisema zina ladha ya karatasi nzuri, naye karatasi aliijua. Alifanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha kuchapa maboksi: ya sabuni, ya majani ya chai, ya viberiti, na ya vyakula vya asubuhi. Herufi ndogo zilianza kumla macho, kisukari kikamalizia. Sasa aliona mlango, aliona mtu, lakini maandishi aliyaona kama safu ya siafu.

Baada ya kifungua kinywa Babu alivuka barabara na kwenda kwa Kinyozi. Hapo palikuwa na benchi la mbao chini ya kioo, na nafasi ya mwisho upande wa dirisha ilikuwa yake. Kinyozi alimsomea gazeti kati ya kichwa na kichwa. Babu alibishana na gazeti, wateja wakabishana na Babu, na siku ikaenda. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tatizo lilianza mwalimu wa michezo alipomchagua Chiriku katika timu ya mbio za kupokezana vijiti. Mazoezi yalikuwa saa kumi na mbili na nusu, kabla ya masomo. Chiriku alichelewa mara ya kwanza kwa sababu ya oti, akaonywa. Alichelewa mara ya pili, akaambiwa kwamba kuna wasichana wanne wanaoitaka nafasi yake na wote wana saa nyumbani.

Angeweza kumwambia mama, au Babu. Lakini alijua mama ana siku yake ngumu, na kwa Babu aliona haya kusema kwamba chakula chake kinamchelewesha. Alinyamaza. Wiki hiyo hiyo akatumwa dukani kununua oti.

Oti tupu zilikaa rafu ya chini kabisa, kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, bila picha wala sifa. Ukizitaka ni lazima upige magoti. Juu yake, sawa na macho ya mtoto, yalipangwa maboksi. Kulikuwa na konfleksi zenye jogoo aliyevaa viatu vya mpira, na mipira ya chokoleti yenye kikaragosi anayeruka. Katikati lilikuwapo boksi la njano lenye picha ya moyo mwekundu unaocheka, na maneno makubwa: OTI ASILIA. RAFIKI WA MOYO. TAYARI KWA DAKIKA MOJA.

Chiriku alisoma mstari wa mwisho mara mbili. Akamuuliza mwenye duka kama oti hizo ni sawa na zile za chini. Mwenye duka alikuwa akihesabu mayai, hakuinua kichwa.

"Oti ni oti, mtoto," alisema. "Hizo za juu zimesoma zaidi tu."

Wateja wakacheka. Bei ilikuwa ile ile, maana boksi lilikuwa kwenye ofa. Chiriku akalichukua. Njiani alijirudia kimoyomoyo kwamba oti ni oti. Hata hivyo, alipofika nyumbani alimwaga zile oti kwenye kopo la zamani, akalikunja boksi na kulisukuma chini ya kitanda chake, nyuma ya viatu. Mtu asiye na la kuficha hasukumi boksi chini ya kitanda, na hilo alilijua hata wakati mkono wake ukisukuma.

Asubuhi iliyofuata alichemsha maji, akamwagia oti kwenye bakuli, akakoroga mara tano. Zilikuwa tayari. Babu aliweka kijiko cha kwanza mdomoni, akakisimamisha.

"Mbona leo tamu?"

"Nimeponda ndizi, Babu. Ilikuwa imeiva sana."

Hapakuwa na ndizi ndani ya nyumba hiyo. Babu alikula mpaka akakwangua bakuli, akasema kwamba kwa mara ya kwanza muuguzi na ulimi wake wamekubaliana. Chiriku akafika uwanjani kabla ya mwalimu.

Mambo yakaenda hivyo wiki tatu. Boksi la kwanza likafuatwa na la pili. Timu ya Chiriku ilishinda mbio dhidi ya shule ya jirani, na mwalimu akaacha kuwataja wale wasichana wanne. Nyumbani, Babu alianza kunywa maji mengi. Aliamka mara kwa mara kwenda chooni, na mchana alisinzia pale kwenye benchi gazeti likisomwa. Kinyozi alimtania kwamba habari za siku hizi zimemshinda hata kugombana nazo. Chiriku aliona yote hayo. Hakuyaunganisha na bakuli.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya zahanati. Mama aliomba ruhusa kiwandani, akampeleka Babu, na Chiriku akaenda nao kwa kuwa shule ilikuwa na mkutano wa walimu. Muuguzi alimtoboa Babu kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kijikaratasi cha kipimo, akakitazama, kisha akatoboa kidole kingine. Mwezi uliopita kipimo kilisoma saba. Sasa kilisoma kumi na nne.

Muuguzi alimuuliza Babu anakula nini. Babu akajibu kwamba asubuhi anakula oti za maji na ndizi kidogo, mchana mboga, jioni mboga. Muuguzi akasema nusu ndizi haiwezi kufanya hivyo. Akamuuliza tena, kwa sauti ya chini ambayo watu huitumia kwa watoto na kwa wazee, kama kuna kitamu anachokula kwa kujificha. Alisema wagonjwa wengi hufanya hivyo na hakuna haja ya kuona aibu.

Babu alisema kwamba katika miaka thelathini na minane kazini aliitwa mwongo na mtu mmoja tu, meneja wa kiwanda, na huyo alilipwa kumwita hivyo.

Muuguzi hakukasirika. Aliandika kwenye kadi kwamba badala ya kidonge kimoja, Babu ameze viwili kila asubuhi. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, akiyatazama madoa ya sakafu. Alijua kwamba ndizi ni uongo. Lakini alijiambia kwamba oti ni oti, na kwa hiyo uongo wake hauna uzito. Akafunga mdomo.

Walipotoka, mama hakwenda nyumbani. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka kwa Kinyozi. Kinyozi alikuwa na mtungi wa peremende juu ya meza, wa kuwanyamazisha watoto wanaolia wakiona wembe. Mama aliunyooshea kidole mtungi huo mbele ya wateja watatu, akasema kwamba sasa amejua baba yake anaugulia wapi. Akasema kuanzia siku hiyo hataki kumwona mzee wake amekaa kwenye benchi lile.

Kinyozi alikuwa na mkasi hewani. Alisema polepole, "Dada, mzee hajawahi kugusa peremende zangu hata moja." Mama akamjibu kwamba kipimo ndicho kimesema, akaondoka. Babu alikuwa amesimama barabarani, fimbo mkononi, akiyasikia yote. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha jikoni akitazama ukuta. Siku ya pili alikaa pale pale.

Siku hiyo ya pili, Ijumaa, mwalimu wa hisabati aliwafundisha kutafuta eneo la sura za boksi. Aliwaagiza kila mmoja aje na boksi tupu na mkasi. Chiriku alichukua lile la kwanza, lililokunjwa chini ya kitanda, kwa kuwa hakuwa na la aina nyingine. Darasani walikata kwenye kingo na kulaza maboksi mezani, yakawa bapa kama ngozi zilizoanikwa. Walipima kwa rula. Sura ya mbele ya boksi la Chiriku ilikuwa na moyo na maneno makubwa. Sura ya nyuma ilikuwa na mchezo wa kutafuta njia. Ilibaki sura nyembamba ya ubavuni, upana wa vidole vitatu, na chini yake, karibu kabisa na mkunjo wa gundi, palikuwa na maandishi ya kijivu juu ya rangi ya njano. Ilibidi alete karatasi puani ili ayasome.

Viambato: oti zilizosagwa, sukari, sharubati ya glukosi, asali, chumvi, ladha bandia ya maziwa.

Alimuuliza mwalimu maana ya kupangwa hivyo. Mwalimu alisema kwamba viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akacheka. Akasema hata yeye mwenye miwani hayaoni vizuri. Kisha akawaambia wanafunzi waendelee na rula zao.

Chiriku hakuendelea. Jirani yake wa dawati alimuuliza kama redio imeishiwa betri, maana tangu asubuhi ya kwanza ya shule hakuwahi kumsikia amekaa kimya dakika kumi. Chiriku alikuwa akihesabu siku. Wiki tatu, kila asubuhi bakuli moja, na kila asubuhi ndizi.

Hapo alikuwa na njia mbili, na wewe unayesoma unaziona zote. Alichagua ile iliyoonekana fupi. Jioni alimwaga oti za boksi kwenye taka, akatumia fedha aliyopewa ya rangi za kuchorea kununua ule mfuko wa rafu ya chini, akajaza kopo. Alidhani kwamba kosa limefutika. Babu atakula oti tupu, kipimo kitashuka, muuguzi atafurahi, na hakuna atakayejua. Alilala akiwa na nafuu kidogo.

Kitu kimoja hakukikumbuka. Muuguzi alikuwa ameongeza dawa kwa ajili ya sukari iliyokuwamo kwenye boksi. Chiriku aliiondoa sukari, na dawa ikabaki.

Jumamosi Chiriku alipika oti tupu, robo saa, akikoroga. Babu alionja, akauliza ndizi iko wapi. Chiriku akasema zimekwisha. Babu alikuwa na siku mbili hajavuka barabara, na hakuwa na hamu ya chakula. Alikula vijiko vinne, akasukuma bakuli, akameza vidonge vyake viwili kama kadi ilivyoagiza. Mama akaenda sokoni. Chiriku akatoka uani kufua sare.

Ilipokaribia saa nne, Kinyozi alikuwa akimnyoa ndevu fundi wa redio. Kinyozi mzuri hutazama kioo, na kioo chake kilitazama barabara. Ndani ya kioo alimwona Babu akitokeza mlangoni kwa nyumba yake, ng'ambo ya barabara, bila fimbo, akayumba, akashika nguzo, akateleza chini mpaka akakaa kwenye kizingiti. Kinyozi aliweka wembe. Marehemu baba yake alikuwa na ugonjwa huo huo, na alikumbuka jasho lile na mikono ile inayotetemeka kama inapepeta. Alichota maji kwenye kikombe chake cha chai, akatia vijiko vitatu vya sukari, akakoroga akikimbia.

Babu alikuwa amelowa shati zima. Alikuwa akisema maneno ambayo hayakuwa na mpangilio, kuhusu wino na gari la saa nane. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, Kinyozi alimwinua kichwa na kumnywesha kidogo kidogo. Chiriku alisikia sauti ya Kinyozi ikiita, akatoka mbio na povu mikononi. Na wakati huo huo mama akatokea kwenye kona akiwa na kapu la sokoni.

Mama aliona baba yake chini. Aliona Kinyozi amepiga magoti na kikombe. Aliona chenga za sukari kwenye midomo ya baba yake. Kapu lilianguka, vitunguu vikabingirika mpaka mtaroni.

"Nilisema nini mimi juzi?" alisema mama. "Mbele ya watu nilisema nini? Unamfuata mpaka mlangoni kwangu kumuua?"

"Sukari imemshuka, dada," alisema Kinyozi. Hakuacha kunywesha. "Nitukane nikimaliza."

Watu walishaanza kukusanyika. Mtu mmoja alisema kweli, mtu gani humpa sukari mgonjwa wa sukari. Mwingine akasema aitwe polisi. Mama alikamata mkono wa Kinyozi ili akiondoe kikombe, na Kinyozi akakishikilia. Kikombe kikayumba katikati yao, maji yakamwagika kifuani mwa Babu. Kama mama angeshinda, Babu angekosa kile kilichokuwa kikimrudisha. Chiriku hakujua hilo lote. Alijua nusu tu, kwamba mtu asiye na kosa ameshikwa mkono kwa sababu yake.

"Mama, mwache," alisema. "Si yeye. Ni mimi."

Mama hakusikia, au alisikia na hakuelewa. Chiriku akasema tena, sasa kwa sauti iliyomfanya kila mtu ageuke. Alisema kwamba wiki tatu alimpa Babu oti za boksi zenye sukari ili awahi mazoezi, kwamba ndizi haikuwapo hata siku moja, kwamba leo amempa oti tupu kimyakimya, na Babu amekula vijiko vinne tu na kumeza vidonge vyote viwili.

Mama aliachia mkono.

Babu alimaliza kikombe. Baada ya dakika chache macho yake yalianza kutulia, akauliza kwa nini kuna vitunguu mtaroni. Fundi wa redio, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu lililokauka, alileta gari la rafiki yake. Wakampeleka Babu zahanati.

Muuguzi alipima, akasema sukari imeanza kurudi, na kwamba kikombe kile kimekuja kwa wakati. Alisema mgonjwa anayetumia vidonge hivi akianza kutokwa jasho na kutetemeka, na bado anaweza kumeza, apewe sukari upesi, ndipo aletwe zahanati. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha Chiriku akatakiwa kurudia hadithi yake. Aliirudia yote, na safari hii hakuruka boksi lililokuwa chini ya kitanda.

Muuguzi alichukua kadi ya Babu, akafuta ile namba mbili kwa mstari, akaandika moja. Akaomba aletewe Babu baada ya wiki apimwe tena. Alizungumza na Chiriku bila kupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Mimi siponyi kwa macho, binti yangu. Naponya kwa ninachoambiwa. Nikiambiwa uongo, naandika dawa ya uongo, na dawa ya uongo inaingia kwenye mwili wa kweli. Ungesema Alhamisi, tungecheka, ukaenda kucheza."

Kisha alimgeukia Babu, akamwomba radhi kwa swali lake la Alhamisi. Babu alisema ameshapokea radhi chache mno maishani hata hajui ziwekwe wapi, lakini ameipokea.

Kurudi nyumbani walishuka upande wa Kinyozi. Hilo lilikuwa sharti la Babu. Alisema mtu aliyetukanwa mbele ya watu haombwi radhi uchochoroni. Kwa hiyo mama alisimama katikati ya kile chumba, mbele ya wateja wa Jumamosi waliojaa mpaka mlangoni, akasema kwamba alimsingizia Kinyozi mara mbili na mara zote mbili alikosea. Baada yake Chiriku akasema la kwake. Kinyozi aliwasikiliza wote wawili akiwa anapangusa wembe. Alimwambia mama kwamba hata yeye angemwona mtu na kikombe cha sukari mdomoni mwa baba yake, angeanza na ngumi. Halafu akamwambia fundi wa redio arudi kwenye kiti, kwa sababu hawezi kumwacha atembee mjini akiwa watu wawili.

Kila mtu akacheka isipokuwa Chiriku. Babu alikaa mwisho wa benchi, upande wa dirisha. Akamwita mjukuu wake, akamwomba lile boksi. Chiriku alikimbia nyumbani, akalileta lile alilolikata shuleni, likiwa bapa. Babu aliliweka magotini, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba mpaka akafika kwenye ule ubavu mwembamba. Hakuhitaji macho.

"Ni hapa," alisema. "Herufi ndogo tulikuwa tunaziweka hapa."

Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha. Zamani maboksi hayakuandikwa kilichomo. Watu waliugua, wakauliza, wakafukuzwa mlangoni, wakarudi tena wakiwa wengi zaidi, miaka na miaka, mpaka ikatolewa amri kwamba kila boksi litaje kilichomo. Siku amri ilipofika kiwandani, meneja aliwaita wapanga herufi, akawauliza herufi ndogo kuliko zote walizonazo ni zipi. Wakamwonyesha. Akauliza tena rangi isiyoonekana sana juu ya njano ni ipi. Wakamwambia kijivu. Babu ndiye aliyezipanga, kwa mikono yake. Hakufurahi, lakini alizipanga. Alikuwa na watoto wa kulisha.

"Na sukari hawaiandiki mahali pamoja," aliendelea. "Wanaikata vipande. Hapa sukari, pale sharubati, kule asali. Ukiwakusanya ndugu hao watatu, huenda wakawa wengi kuliko oti zenyewe. Mbele wanaandika wanachotaka ununue. Ubavuni wanaandika walicholazimishwa. Ukitaka kununua chakula, anza na ubavu."

Mteja mmoja alisema basi mtoto hana kosa, kosa ni la wenye boksi. Wengine wakaitikia. Mama mwenyewe alionekana kutaka iwe hivyo. Chiriku alimtazama Babu, na kwa muda mfupi alitumaini.

"Hapana," alisema Babu. "Boksi ni lao. Ndizi ni yake."

Babu alimvuta Chiriku akae karibu naye. Alimwambia kwamba kukosea oti dukani ni jambo la mtoto yeyote, na la mtu mzima yeyote, maana boksi limetengenezwa ili akosee. Lakini siku alipoulizwa mbona tamu, hakuna meneja aliyesimama nyuma yake na kumlazimisha. Kosa la kwanza lilitaka neno moja la kweli. Kwa kukosa neno hilo, Babu aliitwa mwongo, Kinyozi akapoteza heshima yake, na dawa ikageuka sumu. Kisha akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza, kwa nini hakusema tu kwamba anachelewa mazoezi.

Chiriku alijibu kwamba aliona haya.

Babu alitikisa kichwa. Alisema oti tupu zikilowekwa kwenye maji jioni, baada ya chakula, na kufunikwa, asubuhi zinaiva kwa dakika tano tu na haziungui. Kila mpishi wa kantini ya kiwanda alilijua hilo. Yeye mwenyewe angemwambia siku ya kwanza kama angeulizwa. Na kama dakika tano zingekuwa nyingi bado, ana mikono miwili, angekoroga mwenyewe, kwa kuwa mwiko hauhitaji macho.

Chiriku alianza kulia hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kinyozi aliangalia mtungi wake wa peremende, kisha akamwangalia mama, akaamua kuuacha ulipo. Babu alimngoja mjukuu wake amalize. Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maduka, na mwenye duka alikuwa akipanga maboksi mapya sawa na macho ya watoto.

"Wale wenye maboksi watajibu la kwao siku watu wakichoka na kuwauliza," alisema Babu. "Nimeshaona wakiulizwa, nitaona tena. Wewe la kwako umelijibu leo, mbele ya watu, na halikukuua. Sasa nenda kaloweke oti."